Souris ya mpira inayokwama kila wiki

Mama Mshauri Élisabeth,

Minye anayekuandikia si muntu wa kupita tu njiani, tangu Kavimvira mpaka Makobola hakuna barua ya maana iliyopigwa mashini bila kupitia vidole vyangu, hata kuna mukubwa mumoja alisimamisha gari mbele ya kibanda changu hapa Kimanga akasema bila Hyacinthe mji huu hauamki, lakini leo ni minye ninayeomba, unisaidie kabla ya Jumamosi.

Mwaka jana pikipiki iliniangusha, pikipiki kubwa kama ng'ombe, bega la kuume likakataa, na kazi yangu ya kuandikia watu na kupiga fotokopi ikawa ngumu, maana souris ya kawaida, kile kipanya cha kompyuta, inataka mukono utembee juu ya meza kutwa nzima. Basi binti ya dada yangu, Victoire, mwalimu kule Kasenga, akaninunulia souris ya mpira kwa Sévère, muuzaji wa vyombo vya kompyuta. Siku ya kwanza niliiburuza mezani kama pasi, mushale kwenye ekra, kioo cha kompyuta, haukutingishika hata kidogo, Victoire akacheka mpaka machozi: "Tonton, iache ikae! Zungusha mpira kwa kidole gumba, mukono ulale." Kweli, Mama, ni kitu cha akili, chombo chenyewe kinakaa pale pale, kampira kekundu kamekalia tushanga tutatu kama twa mukufu, na chini kuna kajicho kenye mwanga kanakosoma mpira umezungukia wapi, basi mushale unakimbia huko huko. Ndani ya siku mbili nilikuwa naijua kuliko wale walioiunda.

Lakini vumbi likiingia, mushale unakwama. Hapo unageuza chombo, unasukuma mpira kwa kalamu kupitia katundu ka chini, unaupangusa, unapangusa na tushanga, unarudisha. Hiyo ndiyo kazi Victoire iko anakuja kunifanyia, kwanza mara moja kwa mwezi, halafu kila wiki, sasa hata mara mbili. Anakaa kwenye kiti cha marehemu Kaneza, muke wangu, anapangusa na kunihadithia vituko vya wanafunzi wake, nusu saa, wakati mwingine saa nzima. Wengine wote wanaingia, wanachukua karatasi, wanatoka, nafikiri wanaijua sura ya mashini ya fotokopi kuliko yangu.

Juma lililopita akachoka. "Tonton, hii vumbi nyeupe inatoka wapi?" Nikamwambia ni malori ya saruji. Akaenda moja kwa moja kwa Sévère, mbele ya wateja: "Umemuuzia muzee wangu takataka!" Sévère akajibu: "Mwalimu, minye niliuza souris, sikuuza vumbi." Watu wakacheka, Victoire akaapa kwamba Jumamosi atamupeleka kwa chef wa avenue, mukubwa wa mtaa wetu, na souris yenyewe atakuja nayo kama ushahidi. Tayari wateja wameanza kumukimbia yule Sévère wa watu.

Nifanyeje, Mama? Souris ni nzima. Kuipangusa ninajua. Ile nyeupe ni unga wa muhogo, na ni minye ninayeunyunyiza chini ya mpira nikiona Victoire amekawia kuja.

Hyacinthe, Kimanga

*

Tonton Hyacinthe,

Pole kwa bega, na pole zaidi kwa kile kiti.

Sasa nikugombeze. Mtu mzima unashika unga wa chakula, unalisha kompyuta! Sévère anapoteza jina sokoni kwa kosa lisilo lake. Victoire anasimama mbele ya watoto asubuhi yote, halafu anatembea kutoka Kasenga akidhani bila yeye kazi yako itasimama na hutapata kula. Na weye unamtazama akipangusa unga wako mwenyewe, unamwambia habari za saruji.

Kesho asubuhi funga kibanda. Enda kwanza Kasenga, umwambie Victoire kwa mdomo wako, uso kwa uso. Kisha enda kwa Sévère, wakati wateja wamejaa, maana matusi aliyapata mbele yao. Sema ni unga na ni weye uliyeutia. Sentensi mbili, basi. Omba msamaha, urudi kazini.

Victoire atakasirika. Anaweza kukaa majuma mawili bila kukanyaga kwako, na hayo majuma yatakuwa marefu, sikufichi. Vumilia. Usimtume mtu aende kumwambia unaumwa.

Unaogopa kwamba bila kitu cha kutengeneza hatarudi tena. Lakini Tonton, kupangusa ule mpira ni kazi ya dakika tatu. Hiyo saa nzima iliyobaki, unafikiri alikuwa amekaa pale kwa ajili ya nini?

Hasira ikishapoa, mupigie simu. Umwambie: "Njoo, nimepika sombe. Hakuna kilichoharibika."