Nilimfundisha Verena majibu

Yustina, nimefanya jambo la aibu. Leo Dada Nevin wa ofisi ya watoto ya misheni iliyotutuma alikuja hapa Zarqa kuzungumza na Verena, wawili tu, mlango wazi.

Na mimi asubuhi nilishamwambia mtoto, "Sema unafurahi." Niliogopa misheni wakisikia hana raha huku ugenini, waturudishe kwetu Minya.

Niko jikoni namimina chai, nasikia anaulizwa, "Unaogopa nini, mpenzi?" Akapaza sauti: "Mama! Na hilo nijibu ninafurahi?"

Ana miaka sita, Yustina! "Nijibu ninafurahi?"

Nikapiga magoti mbele yake. "Sema kweli, mwanangu. Mama alikosea."

Ndipo akasema wenzake shuleni wanamfungia chooni. TANGU PASAKA!

Nevin akasema, "Haturudishi familia kwa sababu mtoto kasema kweli, Mama Verena. Kesho twende shuleni."

Kumbe nilimziba mdomo bure.