Serikali Iliyoangushwa na Sukari

Mtaa wa Ghala, Maskati
Ijumaa

Mama Evodia mpenzi,

Mimi mumeo nimepinduliwa. Humu chumbani tuko wanaume saba, na anayepanga chakula cha Ijumaa tunamwita Waziri Mkuu. Nimeshika cheo hicho mara nne, nani mwingine ameweza? Kwanza niliungana na Wakenya, tukapika ugali. Waliponinunia nikahamia kwa watu wa Tanga na wali wao wa nazi. Siasa naijua, mama.

Ijumaa iliyopita nikatia sukari kwenye mchuzi wa samaki nikidhani ni chumvi. Benedict, mkuu wa upinzani, akaitisha kura, nikaanguka sita kwa moja. Walicheka, na mimi nikacheka. Baadaye Benedict akanifuata jikoni: "Mheshimiwa, macho hayaoni, siyo?"

Hayaoni vizuri tangu Ramadhani. Jana nimemrudishia bosi funguo za lori kabla sijaua mtoto wa mtu. Nimechoka, mke wangu. Nitandikie, narudi.

Usishangae mwandiko mzuri. Anayeandika ni huyo huyo Benedict. Aliyeniangusha ni yeye, na kwenye ngazi anayenishika mkono ni yeye.

Wako, Waziri Mkuu mstaafu,
Pius