Zaituni Ananyamaza Mwaloni

Jumatano, 17 Septemba

Nimeswali, nimeanika, nimegeuza. Mgongo umekufa ganzi. Huku kwenye mawe dagaa hawakauki vizuri kama kule mchangani, lakini ndiko tulikosukumiwa.

Saa nne mjukuu wangu Zaituni kaja kutoka mjini Rusimbi, kwenye ofisi yake ya uwakili. Amechukua fomu ya udiwani. Diwani wetu alifariki, Mungu amrehemu, sasa kata inachagua mwingine. Nimemuuliza uwakili wa miaka kumi na mbili anautupa? Amesema hautupi, ila amechoka kusemea mtu mmoja mmoja.

Nimempikia ugali wa muhogo na migebuka. Amekula kama mtu asiye na mwenyewe. Amekonda mke mwenzangu huyu. Nimemwambia tako limeisha, mabango yatamwonyesha nini? Amecheka mpaka kapaliwa.

Nimefurahi. Ila si furaha tupu.

Alhamisi, 18 Septemba

Naandika kwa nini furaha ya jana haikuwa tupu. Naandika polepole, maana shule sikuiona hata mlango. Herufi alinifundisha huyuhuyu Zaituni akiwa darasa la tatu, kwa mkaa, kwenye sakafu yangu. Mama yake, binti yangu, alishakufa. Tulikuwa wawili tu.

Mwaka juzi Mzee Kagoma, mwenye mitumbwi, alizungushia ukuta ule mchanga tuliokuwa tunaanikia. Wanawake tukaenda mahakamani. Kagoma akaweka wakili. Wakili akawa Zaituni. Akashinda.

Kushinda ni kazi yake, sawa. Ila alisimama mbele ya hakimu akasema shughuli zetu zinaleta harufu na nzi. Bi Tausi, mkubwa wetu wa uanikaji, alikuwemo ndani akasikia. Akaja kunieleza huku hanitazami usoni.

Harufu. Sare yake ya shule niliifua kwa sabuni ya mche mpaka vidole vikachubuka na harufu haikutoka. Harufu hiyo ndiyo iliyomsomesha.

Sijawahi kumwambia. Nina hasira naye na ninampenda, vyote vimekaa pamoja kama mbaazi na mchele.

Jumatatu, 22 Septemba

Aibu leo. Zaituni kaitisha mkutano saa nne asubuhi, uwanja wa shule. Waliokuja ni mwenyekiti wa chama chake, wapiga ngoma wa kukodi, na mbuzi wa jirani.

Mtoto wa mwaloni, aliyekulia mitumbwi inakoshushia dagaa, kasahau giza! Mwezi ukipotea ndiyo mitumbwi inaingia ziwani, taa zao zinavuta dagaa. Asubuhi kata nzima iko mawenimaweni inaanika kabla jua halijageuka. Nani aende kusikiliza hotuba? Mikutano ni ya mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika. Hata kitoto kinajua. Yeye kaangalia kalenda ya ofisini.

Ila nisijidanganye. Hata ingekuwa mbalamwezi wasingekuja. Bi Tausi kasema wazi, mbele yangu, wanawake wa dagaa hawampi kura. Na wanawake wa dagaa ndio wengi. Bila wao hapati.

Jioni kaja, kakaa kizingitini, viatu mkononi. Nimemwambia yote. Harufu, nzi, sare. Nimesema mpaka nikaishiwa.

Akajibu taratibu, "Bibi, nilikuwa namtetea mteja."

Nikamwambia, "Najua. Na mimi nilikuwa miongoni mwa hao nzi."

Kalia. Nimemwacha alie. Halafu nimempa uji.

Jumamosi, 27 Septemba

Anataka kwenda kuwaeleza. Kaandika karatasi mbili, sheria inasemaje, wakili anabanwaje. Nimezikunja nikawashia jiko.

Kwetu mkosaji hajielezi. Analetwa na mtu mzima wa kwao, anakaa chini, anafunga mdomo. Mtu wake ndiye anayesema. Akifungua mdomo, kaharibu.

Kaniuliza kama ataweza. Mtu aliyeishi kwa kusema! Nimemwambia sijui. Kweli sijui.

Tutangoja mbalamwezi. Safari hii tunangoja.

Jumanne, 7 Oktoba

Tumeenda. Mitumbwi imepumzika, wanawake walikuwa kivulini mwa ukuta uleule wa Kagoma, wanashona vyandarua vya kuanikia. Tukapiga makofi ya salamu. Wakaitikia, lakini kwa ncha za vidole.

Zaituni kakaa chini na sketi yake ya mahakamani. Nikasema:

"Aliyesema tunanuka ni huyu. Kalelewa ndani ya harufu hiyo. Sikuja kumtetea, nimekuja naye tu. Mtazameni."

Bi Tausi akakata uzi kwa meno.

"Wakili," akamwita. "Leo maneno yamekuishia?"

Wakacheka. Mwingine akauliza kama kavaa manukato ya kutosha, asije akaugua. Nikamwona Zaituni anavuta pumzi, midomo inafunguka. Nikamfinya paja, nikafinya kweli. Kafunga. Machozi yanashuka, mdomo umefungwa. Nilitamani niwatukane wote nimbebe niondoke naye.

Sikuondoka.

Tumekaa hivyo mpaka kivuli kikatuhama. Mwisho Bi Tausi kasema, "Giza likirudi aje ageuze. Kura ni jambo jingine."

Hakuahidi kitu. Ila alimtupia sindano na kipande cha chandarua. Kashona vibaya. Wamemfumulia mara mbili.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepiga kura. Sisemi nimempa nani, hata humu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kapita. Kwa kura chache, watu wamehesabu mara mbili. Bi Tausi kapita mlangoni kwangu na beseni kichwani, hakusimama. Kasema tu, "Mwambie giza ni wiki ijayo."

Nimecheka peke yangu kama mwendawazimu.

Jumanne, 21 Oktoba

Giza. Dagaa wengi leo.

Keshaapishwa, hakuna wa kumlazimisha. Sikumkumbusha. Nimetoka msikitini nikamkuta tayari yuko mawenimaweni, kanga kiunoni, peku. Hakuna aliyemwita mheshimiwa. Bi Tausi alimwambia kule pembeni kaacha, arudie. Karudia.

Kesi haifunguki tena, ukuta upo. Ila halmashauri ina kiwanja cha mchanga upande wa pili wa mto, na ameanza kukiombea. Alipokuwa anageuza aliwauliza wanakitaka kikaeje. Wakamwambia. Hakuwakatiza hata mara moja.

Sasa kalala mkekani kwangu, mchana huu, mdomo wazi kama alivyolala akiwa mdogo. Nywele zinanuka dagaa.

Maji nimeshachota. Sijamwamsha akaoge.