Maitake wa Bi Tokie na Presha ya Mwenyekiti

UMOJA WA WAKULIMA WA UYOGA, KIJIJI CHA HINOTANI
Tarehe: 16 Novemba. Mahali: Ukumbi wa kijiji.
Waliohudhuria: Bi Sumie Kuwahara (Mwenyekiti), Bw. Genzo Nomiyama, Bi Tokie Hamasaki, Bi Yoriko Tabuchi (Katibu).
Hakuhudhuria: Bw. Isamu Kuwahara, mume wa Mwenyekiti. Bila udhuru.

KUMB. NA. 1/11: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao. Chai iliandaliwa na Bi Tokie. Mwenyekiti hakuinywa.

KUMB. NA. 2/11: TAARIFA YA WATAFITI
Katibu alisoma kutoka gazetini kwamba, kwa mujibu wa watafiti, maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye uyoga wa maitake wa Bi Tokie yameshusha presha ya panya wa maabara. Hayajajaribiwa kwa watu, hivyo wagonjwa wasiache dawa. Uyoga wa Mwenyekiti, aina ya shiitake, haukuchaguliwa kwa utafiti huo. Wajumbe walipiga makofi, isipokuwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alieleza kwamba ndiye aliyemfundisha Bi Tokie kazi hii alipoolewa kijijini. "Hata kutoboa gogo la kupandia uyoga alikuwa hajui. Leo kajaa gazetini!"

Bi Tokie alijibu, "Dada, nilikutaja. Watu wa gazeti ndio waliokata jina lako."

"Ungetaja kwa sauti."

KUMB. NA. 3/11: AFYA YA MWENYEKITI
Mwenyekiti alitangaza kwamba tangu gazeti litoke ameacha vidonge vyake vya presha, anakunywa maji ya shiitake wake tu, ijulikane uyoga wa nani una nguvu. Bw. Genzo aliuliza kama mumewe anajua. Mwenyekiti alisema hilo si la kikao.

Bi Tokie alichukua kipimo cha presha cha ukumbi. Mwenyekiti alikataa kupimwa "na huyu". Katibu alimpima. Presha ilikuwa juu mno. Katibu alirudia akidhani mashine ni mbovu, haikuwa mbovu. Mwenyekiti alikiri kwamba kichwa kinamgonga tangu juzi.

Bi Tokie alisema, "Nitawaambia wa gazeti waandike jina lako. Lichukue, dada. Lakini vidonge utameza."

Mwenyekiti alilia. Alisema, "Jina la nini? Ulipochaguliwa ungekuja kuniambia mimi kwanza. Nimesoma gazetini kama mtu baki."

Bi Tokie aliomba radhi, akainama hadi mkekani. Kisha alimpeleka Mwenyekiti zahanati kwa gari lake.

KUMB. NA. 4/11: KUAHIRISHA
Kikao kiliahirishwa saa tisa alasiri kwa kukosa Mwenyekiti.

Katibu: Y. Tabuchi
Mwenyekiti: S. Kuwahara (amesaini akiwa kitandani zahanati, karatasi ameshikiwa na Bi Tokie)