Mjukuu Amepanda Mzambarau

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie wewe na mkeo. Natumaini hamjambo. Huku sisi wazima, ila mgongo wangu na cherehani siku hizi vinashindana kulia.

Binti yako alifika salama, pamoja na masharti yake: asivue viatu, asiguse udongo, asipande mti. Nilikasirika, sikufichi. Nikasema huyo ni mkwe wangu na mambo yake ya ghorofani, mtoto anambeba kama yai. Huku kwetu mtoto asiye na kovu gotini tunauliza kama anaumwa. Hata hivyo nilitii, maana mzazi si mimi. Wiki nzima alikaa barazani ananipangia vifungo vya sare za shule, na wenzake wanamwita Bibi Soksi kutoka juu ya mzambarau. Hakulia. Aliwatazama tu, na hilo ndilo lililonichoma.

Juzi nikamuuliza kwa nini mama yake anaogopa miti kiasi hicho. Akanijibu kwamba mama hana neno, baba ndiye hataki. Akasema hata kwenye bustani ya hapo kwenu, akishika tawi tu, baba humvuta mkono, anamrudisha ndani na kufunga mlango kwa ufunguo. Niliacha kushona. Kumbe mkeo nimemsema bure miaka yote hii. Niombee radhi kwake.

Kaka yako alipoanguka kutoka mzambarau huu tukamzika, watu walinishauri niukate. Nilikataa. Watoto wa jirani walikuwa bado wanautaka, na mimi sikuona kosa la mti. Wewe ukaenda shule ya bweni, kisha kazini, na hujalala tena nyumba hii. Nilijifariji kwamba ni shughuli za mjini.

Sasa nikuambie nililolinyamazia. Siku ile nilikuwa jikoni, dirisha liko wazi. Nilikusikia ukimwambia kaka yako apande juu zaidi, kwenye zambarau zilizoiva. Nilimsikia naye akicheka. Nimelijua tangu siku hiyo, mwanangu, na sijakulaumu hata mara moja. Nilinyamaza nikidhani nakusitiri, kumbe nimekuacha ubebe mzigo peke yako. Mlikuwa watoto, mlikuwa mnacheza. Hukumuua kaka yako.

Leo asubuhi nimemruhusu binti yako. Amepanda hadi tawi la kwanza. Nilisimama chini machozi yananitoka, na sikumwita ashuke. Ameshuka mwenyewe, kisha akaniuliza kama baba naye alikuwa akipanda. Nimemwambia akuulize wewe. Basi njoo umchukue mwenyewe, usimtume mtu.

Nisalimie mkeo na majirani zenu wa ngazi ya juu na ya chini. Mungu awalinde.

Ni mimi, mama yenu, wewe na kaka yako.