Mwalimu Luhaga kaja kuniposa kwa ajili ya visa

Shamimu, chai imepoa mezani kwa hasira niliyonayo.

Mwalimu Luhaga kaja kuniposa. Yule yule aliyetufundisha jiografia pale Kimamba. Kaja na washenga wawili, wakakaa sebuleni na baba.

Nimemwamkia shikamoo mwalimu, hakuitikia. Anacheka, eti "Mambo Devotha, shikamoo tuziache sasa."

Tuziache, Shami. Mtu ana umri wa baba.

Kosa langu ni kumwambia naomba visa ya mwanafunzi nikasome uzamili ng'ambo. Mshenga kasema wazi mbele ya baba: "Visa ya uzamili inaruhusu kwenda na mume, na mume anafanya kazi huko." Hakuna aliyetaja kunipenda. Ni visa tu.

Baba kauliza, "Na mkeo wa Kidete?"

Kajibu, "Atasubiri."

Atasubiri.

Nikapiga goti mbele yao wote. "Shikamoo mwalimu." Akamgeukia mshenga. Nikarudia, "Shikamoo mwalimu." Baba akamwangalia, akasema taratibu, "Mwalimu, mwanafunzi wako anakuamkia."

Akaitikia marahaba. Washenga wakaanza kutafuta viatu vyao mlangoni.