Matairi ya Kabatini

Mwenzangu, shemeji yako nusura atuue!

Unakumbuka yale matairi ya pikipiki aliyoyatunza kabatini tangu tuoane, eti ya safari ndefu? Leo ndiyo kayafunga. "Meno yote yapo, haya yatatuzika!"

Kona ya kwanza tu, la nyuma likapasuka. Tukayumba mbele ya lori. Mbele ya LORI!

Fundi kalikunja, nyufa tupu. "Mpira huzeeka hata ukilala, mzee. Sasa nikupe lipi? Gumu lidumu, au laini linaloshika barabara?"

Jamaa kajibu: "Laini. Liishe tukiwa hai."

Tumerudi nyumbani. Kafungua kabati lile lile, katoa vikombe vyangu vya wageni, kamimina chai.

Unajua ninavyovilinda vile vikombe. Leo nimekunywa, nikaomba kikombe cha pili.